Mlenda Uliochanua Kwenye Ngwe ya Mama

Sisi tuliokulia kwenye vijiji vya ujamaa tunajuana bila kuulizana. Ukimkuta mwanamke wa umri wangu sokoni Morogoro ameshika fungu la mlenda, analinusa kwanza, halafu anatabasamu peke yake kama mtu aliyeitwa kwa jina la utotoni, basi huyo ni mwenzetu. Huyo aliwahi kuoshwa nywele kwa mlenda wa porini wakati sabuni imepotea kwenye duka la kijiji, akaambiwa akae juani, atulie, asicheze na vumbi. Wajukuu zangu nikiwasimulia wananitazama kama nimesema tulikuwa tunaoga tope. Wao bafuni kwao kuna machupa yamepangwa kama duka la dawa, na vichwa vinawawasha vilevile.

Na ninaposema mlenda sisemi huo mnaonunua umesagwa, umefungwa kwenye kifuko. Nasema ule wenyewe, unaojiotea. Mvua za kwanza zikigusa ile ardhi nyekundu ya huku chini, ardhi ambayo miezi yote ilikuwa imepasuka kama kisigino cha mzee, mlenda ndio unaotangulia. Unaota pembeni mwa reli, unaota kwenye matuta yaliyoachwa, unaota hata nyuma ya choo. Majani yake membamba, marefu, na shina limenyooka kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Halafu unachanua. Maua ya zambarau iliyopauka, yameinamisha vichwa kama kengele, na ndani ya koo la ua kuna madoadoa kama mtu amedondosha wino. Ukilipasua jani vidoleni linateleza. Ukilitia kwenye maji na kulifikicha, maji yanakuwa mazito, yanavutika, na hapo ndipo mama anakukamata shingo anakwambia inama.

Sisi watoto tulikuwa na mchezo wetu. Asubuhi nyuki wanaingia kwenye yale maua mpaka ndani, miguu tu ndiyo unaiona. Unanyata, unalibana ua mdomo kwa vidole, unalichuma, unaliweka sikioni. Nyuki ananguruma humo. Hiyo ndiyo ilikuwa redio yetu, maana redio ya kweli kijijini ilikuwa moja, ya mwenyekiti, na haikuguswa na mtoto. Rafiki yangu Kalunde alikuwa anasema, "Yangu inasoma taarifa ya habari, nyamazeni!" Mimi nasema, "Yangu inatangaza vifo, nitajie ukoo wenu nisikilize." Siku moja Kalunde alilegeza vidole, nyuki akamuuma kwenye mdomo, ukavimba ukawa kama andazi. Mama yake alipomwona hakuuliza dawa, aliuliza kwanza, "Umekula nini na hukutuachia?"

Huyu Kalunde alikuwa mtoto wa jirani yetu, Mzee Maganga, Mnyamwezi. Mzee Maganga alikuja Morogoro kijana kukata mkonge, akakata mpaka viganja vikawa kama kwato, na kijiji kilipoanzishwa akapewa kiwanja kama wengine. Sisi tulikuja baadaye. Sisi ni Waluguru wa mlimani, upande wa Kinole, ambako asubuhi ukifungua mlango ukungu unaingia ndani kukusalimu, na maji yanapita nyuma ya nyumba bila kuombwa. Baba yangu alipofariki, mama alibaki na mimi na mdogo wangu wa kiume aliyekuwa bado ananyonya. Shamba letu la ukoo lilikuwa limesimama ubavuni mwa mlima, jembe likikutoka mkononi unalifuata bondeni. Wakapita viongozi wakasema atakayeshuka kwenye kijiji kipya, upande wa Mikese, atapata kiwanja, atapata shule karibu, na atalima shamba la pamoja agawiwe mavuno. Mjomba wangu, ndiye mkubwa wetu kwa upande wa mama, hakupenda. Alimwambia mama, "Haya, nenda. Ila ukishindwa usirudi unalia, rudi kimya." Mama alifunga mzigo, akanikabidhi kuku, tukashuka.

Mnaomkumbuka mama yangu mnajua hakuwa mtu wa maneno mengi. Lakini maneno ya mjomba yalimkaa. Kila udongo aliokandika kwenye ukuta wa ile nyumba, aliukandika akiwa na yale maneno mdomoni. Kurudi hakukuwemo.

Basi huku chini tukakuta kila kitu kigeni. Joto. Mbu. Migomba aliyoipanda mama ikakauka ikiwa imesimama, kama watu waliofia foleni. Na chakula! Kule juu tulikula ndizi, magimbi, maharage, mboga ya majani ya maboga. Huku tukakuta ugali, na miaka ile ya njaa ulikuwa ugali wa yanga, ule unga wa njano uliotoka ng'ambo, wenzangu mnaukumbuka, ukila unahisi umemeza mchanga wenye sukari. Na kitoweo chake mlenda. Mama alipoletewa bakuli la kwanza na Mama Kalunde, kama mnavyojua ujirani, alitia kidole, akakiinua, ute ukafuata kidole mpaka juu. Akasema, "Hili ni kamasi. Mimi kamasi sili." Akamshukuru mwenzake, akampa kuku. Mama Kalunde alikwenda kusimulia kijiji kizima.

Na Mzee Maganga ndipo alipopata pa kuanzia. Vijana wa sasa hawajui, inabidi niwaeleze: Mluguru na Mnyamwezi ni watani. Mtani wako anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako, anaweza kuchukua kofia yako akaondoka nayo, na wewe huruhusiwi kununa. Ukinuna umevunja jambo la wazee. Lakini msiba ukikupata, huyohuyo ndiye anayekuja wa kwanza, anashika jembe, anachota maji, anapika. Mzee Maganga alipita kila asubuhi mbele ya mlango wetu na jembe begani, anaita, "Wewe Mluguru! Umeamka au bado unasubiri ukungu uondoke?" Mama anajibu bila kuinua kichwa kwenye jiko, "Ukungu umeondoka, imebaki harufu ya Mnyamwezi." Anacheka, anakwenda zake. Mimi nilikuwa nadhani wanachukiana. Nilikuwa namwogopa yule mzee kuliko chatu.

Sasa, shamba la pamoja. Mwaka ule kijiji kilipanda ufuta. Kengele ilikuwa rimu ya gari iliyoning'inizwa mbele ya ghala. Ikigongwa, kila mtu mzima anatoka na jembe, na kila mmoja ana ngwe yake, kipande chake alichopimiwa, na kipande hicho ndicho kinachosema wewe ni mtu wa namna gani. Mama alipewa ngwe ya mwisho, kule kwenye mteremko mdogo unaoelekea korongoni. Nadhani walimpa wakifikiri mtu wa mlimani atapenda mteremko.

Ufuta mama alikuwa anaujua kwenye kashata tu. Mmea wake hakuwahi kuuona. Aliuliza aliyekuwa jirani yake shambani, akajibiwa kwa haraka, "Majani marefu marefu, baadaye unatoa maua kama kengele." Ni kweli kabisa. Tatizo ni kwamba mlenda wa porini nao ni ndugu wa ufuta, ndugu wa tumbo moja, nao una majani marefu marefu, nao unatoa maua kama kengele. Mtu aliyezaliwa huku chini anawatofautisha akiwa anatembea. Mtu wa Kinole, atawajulia wapi?

Halafu mvua kubwa ilipiga mara tu baada ya kupanda, ikazoa mbegu za ngwe ya mama kuzipeleka korongoni. Ulioota ulikuwa ufuta dhaifu, mmoja hapa, mwingine kule, wa njano kama mgonjwa wa homa. Katikati yake mlenda ukaota umenona. Mama akafanya kama alivyofundishwa na mama yake kwenye maharage: unaacha wenye afya, unang'oa wanaosinzia. Alipalilia ngwe ile kwa bidii sijapata kuona. Alichambua udongo kama anayesuka nywele. Kipande chake kilikuwa safi kuliko vyote, na mlenda umesimama kwenye mistari, umepumua, hakuna hata jani moja la kuusumbua. Nilipompelekea mtoto amnyonyeshe alinionyesha kwa kidevu. "Waambie hao Wanyamwezi waje waone mtu wa mlimani anavyolima."

Wakaja kweli. Ufuta ulipochanua, shamba zima likawa jeupe, weupe ule wa maziwa yaliyotiwa maji. Na kule mwisho, kwenye mteremko, ngwe ya mama ikawa zambarau. Zambarau tupu, kutoka mpaka hadi mpaka, na nyuki wa kijiji kizima wamehamia pale. Sisi watoto tulifurahi kama tumeletewa sikukuu, tukajaza masikio yetu redio. Watu wazima walisimama mwanzo wa shamba, wameshika viuno. Halafu mwanamke mmoja akapiga kelele, "Jamani, Mluguru kapanda mboga!"

Wengi walicheka. Msimamizi wa shamba hakucheka. Huyu alikuwa kijana ametoka kwenye mafunzo, shati limenyooshwa, na alikuwa amewaahidi wakubwa wake kwamba shamba lake litakuwa la mfano. Alitembea mpaka kwenye ile ngwe, akang'oa mlenda mmoja, akauinua juu watu wauone, akasema neno ambalo miaka ile lilikuwa halisemwi kwa mchezo. Alisema, "Hii ni hujuma."

Wenzangu mnajua. Mhujumu hakuwa mtu aliyekosea. Mhujumu alikuwa adui. Mama alisimama na jembe lake, akautazama ule mlenda mkononi mwa kijana, akatazama shamba jeupe, akarudisha macho kwenye kipande chake. Hapo ndipo alipoelewa. Sikuwahi kumwona mama uso wake ukiwa vile, hata siku ya baba. Alinishika mkono, tukaenda nyumbani, akaanza kufagia uwanja ambao ulikuwa umeshafagiwa.

Kesho yake kikaitwa kikao mbele ya ghala. Tulikuwa tumeshasikia yanayosemwa: msimamizi anataka mama aondolewe kwenye kijiji, arudishwe kwao, nyumba wapewe wengine. Asubuhi ile mama alizifunga nguo zetu kwenye kanga, akaziacha mlangoni. Nilijua ile kanga ina maana gani. Ina maana mjomba. Ina maana kupanda ule mlima kimya. Na mimi, niseme ukweli wangu, nilikuwa nawaza shule. Shule ya huku ilikuwa hatua chache tu kutoka kwetu. Ya kule juu ilikuwa ya kuvuka mito, na mtoto wa kike mvua ikinyesha haruhusiwi. Nilikuwa nimeshajua kuandika jina langu. Nililiandika chini kwa kijiti, mbele ya nyumba yetu, nikikaribia kulia.

Kikaoni wanaume walikaa upande mmoja, wanawake upande mwingine, watoto tukafukuzwa tukarudi kwa nyuma ya ghala. Msimamizi alisema sana. Maneno ya kwenye redio yote aliyasema. Akamaliza kwa kuuliza, "Mama, ulitumwa na nani?"

Mama akasimama. Akasema, "Sikutumwa. Nilipalilia." Akakaa.

Ni hayo tu. Mama yangu alikuwa hawezi kubembeleza, na mimi nimerithi, wanangu wanalalamika mpaka leo. Mwenyekiti akakuna kidevu, na mimi nikaona mambo yameisha.

Ndipo akainuka Mzee Maganga. Taratibu, na mikono nyuma.

"Mwenyekiti, mimi nina malalamiko. Huyu mwanamke ni mtani wangu. Ni Mluguru. Mnawajua Waluguru? Hawa ni watu waliokaa juu ya mlima toka enzi za mababu kwa sababu njia ya kushuka hawaijui. Kwao kila kitu kimeegemea. Hata mbuzi wao wana mguu mfupi upande mmoja wasianguke. Leo mmemleta huku kwenye ardhi iliyolala, anapata kizunguzungu, mkampa jembe, mkamwambia chagua ufuta. Halafu huyu kijana anamwita mhujumu." Akamgeukia msimamizi, kwa heshima kabisa. "Mwanangu, mhujumu anatakiwa awe na akili!"

Watu wakapasuka. Nakwambia wakapasuka, hata waliokuwa wamekuja na uchungu wao. Mimi nyuma ya ghala nikamwona yule mzee kama mtu aliyemkanyaga mama akiwa ameanguka. Nilitaka kuokota jiwe. Kalunde akanishika mkono, akasema, "Subiri, mjinga wewe. Baba anacheza."

Na mama? Mama akainuka tena. Uso ni uleule, wala hautikisiki.

"Mwenyekiti, akili huyu ataijulia wapi? Babu zake walibebeshwa meno ya tembo ya watu kutoka Tabora mpaka pwani, wakayafikisha, wakageuka wakarudi kubeba mengine. Hata kuuliza ni ya nani hawakuuliza."

Wanawake wakapiga vigelegele. Mwenyekiti akavua kofia akajifuta machozi. Na hapo, wenzangu, kikao kikawa kimegeuka, ingawa msimamizi hakujua bado. Mtu anayejibizana na mtani wake mbele ya watu siyo adui tena. Ni mtu wa hapa.

Mzee Maganga akangoja kicheko kiishe, akasema, safari hii kwa sauti ya chini, "Mimi ndiye jirani yake. Alipita mbele ya mlango wangu kila siku kwenda kwenye ile ngwe, hakuniuliza, na mimi sikwenda kumwangalia. Kwa hiyo kesi ni ya kwangu. Nitamtoza mimi. Namtaka apike hayo magugu yake aliyoyalea, na ayale. Hapa hapa. Nione."

Kelele iliyotokea hapo! Maana kijiji kizima kilikuwa kinajua habari ya kamasi.

Msimamizi akasimama. "Mwenyekiti, tunageuza kikao kuwa ngoma! Hili ni shamba la umma!"

Mwenyekiti akamwambia, "Kaa, mwanangu. Palizi ijayo Mama Kalunde atasimama naye kwenye ngwe yake, na mwakani atapewa ngwe mbili alipe hasara. Hayo ni ya ofisi, nimemaliza. Haya mengine ni ya mtani wake, na mtu akishashikwa na mtani mimi mkono wangu hauingii."

Basi chungu kikaletwa. Mama Kalunde akamwelekeza kwa sauti ya kila mtu asikie: chambua majani, acha maua kwa nyuki, magadi kidogo, kidogo, usituchubue matumbo, sasa pekecha, siyo kukoroga, pekecha kama unawasha moto, tia karanga. Mama akafanya yote. Ugali wa yanga ukawekwa mbele yake, na bakuli la mlenda wa kijani unaong'aa, na Mzee Maganga akakaa mkabala naye, amenawa, anangoja. Watu wamewazunguka kama wanaangalia mpira.

Mama akakata tonge. Akachovya. Akainua, na ute ukainuka naye, mrefu, hautaki kukatika. Wanawake wakaanza kuhesabu kwa sauti urefu wake, "Huo umefika Mikese! Huo sasa Kingolwira!" Mama akauzungusha kidoleni kama mshonaji na uzi, akatia mdomoni, akameza. Mzee Maganga akauliza, "Haya, mtani?"

"Mbaya," mama akasema, akakata tonge jingine.

Alikula mpaka bakuli likaisha. Kila tonge alimtazama yule mzee machoni, na kila tonge alisema, "Mbaya." Mwisho Mzee Maganga mwenyewe alikuwa amelala chini, anashika mbavu. Jioni mama alirudi nyumbani, akaichukua ile kanga mlangoni, akaifungua, akazitundika nguo zetu kwenye kamba yake. Halafu akanigombeza kwa sababu nilikuwa sijachota maji. Nilikwenda kisimani nikiimba.

Sisemi mama aliokoa kijiji, asije mtu akanizulia. Lakini mwaka ule mvua zilikatika mapema, na ile ngwe ya zambarau watu waliichuma sana. Walikausha majani juu ya mikeka, wakayatwanga, wakayaweka. Hata msimamizi alileta kikapu chake, mama akamjazia, hakumwambia neno. Ukimya wa mama ulikuwa adhabu tosha. Na yeye mwenyewe mlenda hakuupenda hata siku moja. Aliupika, alitupaka sisi vichwani, alijua kuutofautisha na ufuta akiwa amefumba macho. Lakini akiulizwa, jibu ni lile lile, mbaya.

Mimi nilisoma nikafika darasa la nne, mgongo wa mama ukaanza kumsumbua, nikashika jembe. Silalamiki. Hayo niliyoyapata pale yamenitosha kuandika haya.

Mama alifariki nikiwa nina watoto wangu. Alifia kwenye nyumba ileile aliyoikandika, hakurudi mlimani mpaka Mungu alipomchukua. Siku ya mazishi, wanaume wameshaswali, wameinua jeneza, wanatoka nalo, tukasikia fujo mlangoni. Mzee Maganga. Alikuwa mzee kabisa, anatembelea fimbo, amejifunga kanga ya mama kiunoni, sijui aliichukua saa ngapi. Ameziba mlango kwa mwili wake.

"Hatoki!" anasema. "Nani kawaruhusu? Hatoki mtu hapa! Mkimtoa huyu, kesho asubuhi nani atanitukana?"

Kisha akaanza kutembea kama mama, mkono mmoja kiunoni, kidevu mbele, akatutazama sisi waliaji na kusema kwa sauti yake hasa, "Nyie mnalia nini, maji mmechota?" Nilicheka. Toka mama afumbe macho sikuwa nimeweza hata kulia vizuri, na pale nikacheka, kilio kikafuata kicheko, vyote vikatoka pamoja. Mjomba wangu, yuleyule, akampa jogoo ili afungue njia. Mzee Maganga akampokea yule jogoo, akampa mtu amshike, akatupa fimbo, akaingia mbele ya jeneza akaweka bega lake. Hakumpisha mtu mpaka makaburini. Waliofika huko walisema udongo ulipoanza kuingia, alikaa chini kama mtoto.

Leo wajukuu zangu wanaishi mjini, wamesoma kuliko ukoo wetu wote ukijumlisha. Nawapenda, ingawa siwaambii. Pale pembeni mwa reli palipokuwa na mlenda sasa kuna nyumba na kuta zenye vigae vya chupa juu. Mjukuu wangu mmoja na jirani yake hawasalimiani, mwaka wa pili huu, kwa sababu ya maneno waliyoandikiana kwenye simu, kwenye kikundi cha mtaa. Nikamwambia anisomee. Akanisomea. Matusi mepesi kabisa, mama na Mzee Maganga wangeyatumia kusalimiana. Nikamuuliza, "Sasa huyu aliyekutukana ni mtani wako?" Akacheka, akasema, "Bibi, siku hizi hakuna mambo hayo." Akarudi kwenye simu yake.

Kalunde bado yupo, meno yamemtoka, lakini mdomo uko palepale. Juzi alikuja kunitembelea kutoka Dumila, akasimama uwanjani mbele ya wageni wangu, akaita, "We Mluguru, bado hujafa tu?" Nikamjibu, "Nakungoja wewe uanze, nije nile jogoo." Wajukuu walitoka mbio wakidhani ni ugomvi, mmoja ameshainua simu apige picha. Tuliwatazama, tukakaa kivulini, tukacheka mpaka chai ikapoa.

Mmoja wetu atatangulia, na mwingine ataziba mlango. Hilo tumeshaagana. Ila nikiwaangalia hawa watoto, kila mmoja ameinamia mwanga wake, najiuliza ni nani atakayesimama mlangoni kwao akasema hatoki.